Kivuli cha Lindo Namba Mbili

Saa nne asubuhi Sifael Ndosi alikuwa ameinama juu ya kichanja cha kahawa akitoa punje mbovu, na mama yake, Aikaeli, hakumwambia asogee. Mtu mwingine yeyote angeambiwa. Kahawa iliyotoka kuoshwa inataka jua lote, na mwanamke aliyekausha kahawa kwa miaka hamsini hana subira na mtu anayeikinga. Lakini jua lilimpita Sifael, likafika kwenye punje zilizokuwa chini ya kifua chake, nazo zikaendelea kukauka sawa na nyingine. Kwa kazi hiyo alikuwa mtu wa faida. Msimu uliopita majirani wawili walimwazima.

Hakuwa na kivuli. Kilikuwa kazini.

Miaka sita kabla ya hapo Sifael alikuwa koplo katika kambi moja ya jeshi iliyo mbali sana na mlima Kilimanjaro, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi. Jumanne moja, saa kumi na mbili asubuhi, aliwekwa kwenye lindo namba mbili, kando ya ghala la mafuta. Zamu ni ya muda wa saa nne. Kanuni ya lindo ni fupi na kila askari anaijua hata akiwa usingizini: mlinzi huondolewa na yule aliyemweka. Aliyemweka Sifael alikuwa kamanda wa gadi, Sajini Tito. Saa nne Sajini Tito hakuja. Saa nane hakuja. Sifael alikuwa na homa tangu siku iliyotangulia, na ilipofika saa kumi magoti yalimwisha nguvu akaanguka. Dereva wa boza la maji alimwona, akampakia, akampeleka kwenye zahanati ya kambi.

Mganga alimlaza karibu na dirisha, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba kivuli hakikuja naye. Mganga alikuwa mtu wa utaratibu. Kwenye fomu, mahali pa kuorodhesha vitu alivyokuja navyo mgonjwa, aliandika: buti jozi moja, mkanda mmoja, kofia moja, kivuli hakuna. Akatia sahihi.

Jioni ile mapipa kumi na mawili ya dizeli hayakuonekana ghalani. Sajini Tito aliapa kwamba alipita lindo namba mbili saa nane mchana akakuta hakuna mtu. Mahakama ya kijeshi ilikaa siku mbili. Ilimtia Sifael hatiani kwa kosa la kuacha lindo, ikamvua cheo, ikamfukuza jeshini, na ikamkataza kusogelea kambi yoyote maisha yake yote. Kivuli hakikuitwa kutoa ushahidi. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Sifael alirudi kwa mama yake kwenye kihamba, shamba la ukoo, chini ya migomba ya marehemu baba yake, akiwa na begi moja.

Kivuli kiliendelea na zamu. Asubuhi kililala upande wa ghala, saa sita kilijikusanya pale pale alipokuwa amesimama Sifael, na alasiri kilinyooka kuelekea uzio na barabara. Siku za mawingu, vivuli vya wengine vilipopumzika, chenyewe kilisimama. Mwaka wa kwanza wakuu wa kambi waliandikiana barua kukihusu. Mkaguzi mmoja alipokuja walikifunika kwa turubai, kikapanda juu ya turubai, na mkaguzi akaandika kwamba lindo namba mbili liko katika hali nzuri. Baada ya hapo walikizoea. Wafagiaji walikizunguka. Kuruta wapya walikitajia neno la siri kabla ya kupita, na kwa kuwa hakikuwakatalia, walipita.

Alasiri, kuanzia saa tisa, kivuli kilivuka uzio. Ng'ambo ya uzio, kando ya barabara, ndipo ilipokuwa meza ya chai na maandazi ya Herieth, mke wa Sifael. Herieth hakurudi Kilimanjaro na mumewe. Usiku wa kufungasha alikaa juu ya begi kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mume wake sasa yuko mahali pawili, na kwamba kule mlimani kuna mama wa kumwangalia aliye na mwili, lakini huku hakuna wa kukiangalia kilichobaki.

"Nikiondoka watakikanyaga," alisema. "Kikibadilishwa zamu nitakuja nacho."

Sifael alikunja shati lake la mwisho. Alimpenda sana mke wake, na hata yeye aliona kwamba hoja yake ilikuwa na akili.

Kila jioni walipigiana simu. Sifael alipanda hadi kwenye jiwe lililo juu ya mfereji, kwa sababu nyumbani mtandao ulishikwa na migomba, akakaa akitazama taa za Moshi zikiwaka kule chini. Herieth alimpa habari za kivuli kama mtu anavyompa mwenziwe habari za mtoto aliye shule ya bweni. Leo kilikuwa kirefu. Leo mbwa alilala ndani yake. Leo mvua ilinyesha nacho kikalowa. Mara nyingine walisikilizana pumzi tu hadi salio likaisha. Kisha Sifael alishuka kwa miguu yake miwili, peke yake, akipita kwenye mbalamwezi isiyomfuata.

Watu wa kijiji hawakumbagua. Walimsalimu, walimwalika kwenye harusi, walimpa zamu ya kusoma neno kanisani. Lakini mtu hutembea njiani na kivuli cha mwenzake, akijua bila kutazama kwamba mwenzake yupo, na waliotembea na Sifael walijikuta wameharakisha wakamwacha nyuma bila kukusudia. Kwenye misiba, akisimama kaburini, aliye mbele yake alirudi nyuma akamkanyaga, akaomba radhi. Alikanyagwa sana. Sikukuu ya Krismasi, kihamba kilipojaa ndugu kutoka Dar es Salaam na Arusha, alihesabiwa kwenye nyama kisha mwenye kugawa akahesabu tena, kuhakikisha.

Rufaa ilikuwa imekatwa ndani ya muda. Ilikaa miaka sita kwa sababu mwenendo wa shauri ulikuwa unachapwa. Mwaka huu, mwezi wa kumi, Sifael alipokea barua kwamba jopo la rufaa la kijeshi, ambalo husafiri, litakaa Moshi mjini, na kwamba atatetewa na Luteni Hilaria, mwanasheria wa jeshi.

Luteni Hilaria alikuwa mzaliwa wa Songea, mwembamba, mwenye miwani, na alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya: alikwenda kukiona kivuli. Alikipima kwa futi kamba asubuhi, mchana na jioni. Alikunywa chai kwa Herieth. Kisha akamwandikia Tito, ambaye sasa alikuwa afisa mteule akifundisha kanuni za ulinzi kwenye chuo fulani, akamwomba aje dakika tano tu akiondoe kivuli zamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiweka. Tito alijibu kwa heshima. Alisema lindo lile alilikuta tupu, na kwenye lindo tupu hakuna wa kuondolewa.

Luteni alipanda hadi kihambani kumweleza Sifael. Aikaeli alimpa mtori wa ndizi na kiti chenye mgongo.

"Koplo Ndosi," alisema Luteni, na hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka sita, "hoja yetu ni moja. Kivuli cha mtu hakiwezi kulinda mahali ambapo mtu huyo hakulinda. Jopo likikubali, litaamuru kibadilishwe zamu. Kivuli kitakuja, cheo kitarudi, na mkeo Herieth atafunga meza yake."

"Na wasipokubali, Afande?"

"Hakuna rufaa nyingine juu ya hiyo."

Aikaeli alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakuuliza kitu. Kuuliza si ujinga, lakini Aikaeli alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, na aliona kwamba alichotaka kukijua alikwisha kukijua.

Siku ya shauri walishuka mjini alfajiri na gari la maziwa, mama mbele na dereva, Sifael nyuma na makopo. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, mtaa wa Soweto, na Jumamosi ilikuwa imefanyika harusi humo. Vitambaa vya dhahabu vilikuwa bado vinaning'inia darini na maua ya plastiki yamesukumwa kona. Maafisa watatu wa jopo walikaa kwenye meza ya bwana na bibi harusi. Katikati alikaa mwenyekiti, brigedia mwenye kikohozi. Kulia kwake alikaa Kanali Onesphory, mtu wa Rombo, ambaye alimtazama Aikaeli akamwinamia kidogo kwa kichwa, kama mtu anavyomwinamia mama wa kwao.

Shauri lilikwenda vizuri. Lazima lisemwe hivyo, kwa sababu ndivyo lilivyokwenda. Dirisha la mashariki lilikuwa wazi na jua liliingia likaweka vivuli vya watu wote kwenye sakafu, isipokuwa cha mrufani. Mwenyekiti aliagiza hilo liandikwe, likaandikwa. Luteni Hilaria alitoa vipimo vyake. Alionyesha fomu ya mganga. Alisema kwamba askari aliyekaa kwenye lindo kwa muda wa saa kumi badala ya nne, mwenye homa, ambaye hata alipoanguka sehemu yake ilikataa kuondoka, hajaacha lindo. Lindo ndilo lililomwacha.

Mwendesha mashtaka, meja mmoja mtaratibu, alisema kwamba upande wa jeshi haubishani kuhusu kivuli. Kipo, kila mtu anakijua, ni kizuri. Lakini kivuli kubaki ni ushahidi kwamba mwili uliondoka, kwa maana kama mwili ungebaki kusingekuwa na kivuli cha kuzungumzia hapa. Mwenyekiti alikohoa, akamwuliza kama anajua kwa nini kamanda wa gadi hakuja saa nne. Meja alisema hilo halimo kwenye mwenendo wa shauri. Mwenyekiti akasema ndiyo, ameona kwamba halimo. Akaandika kwa muda mrefu. Luteni Hilaria, ambaye alikuwa anajua kusoma kalamu za majaji, aligeuka akamtazama Sifael, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu ana la kuongeza kabla jopo halijajitenga. Hilo huulizwa kila mara na hakuna anayejibu.

Aikaeli alisimama. Alivuka ukumbi kwa mwendo wake wa polepole, akafungua pindo la kitenge, akatoa jani la sale. Alikuwa amelikata alfajiri kwenye mpaka wa kihamba, bichi, refu, amelifunga fundo moja. Aliliweka mezani mbele ya mwenyekiti kwa mikono miwili, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, baba," alimwambia brigedia, ambaye angeweza kuwa mwanawe. "Naomba mnirudishie mtoto."

Kisha akarudi kukaa. Mkono mtupu haulambwi, na yeye hakuwahi kwenda mbele ya mkubwa mkono mtupu.

Mwenyekiti, ambaye kwao ni Pwani, aliligusa jani kwa kalamu. Akauliza ni nini.

Kanali Onesphory hakutaka kujibu. Ilionekana. Alivua kofia akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Ni sale, Mheshimiwa. Huku kwetu mtu akimkosea mwenziwe, humpelekea hili. Likishawekwa, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Lazima asamehe. Hata kama ni damu."

"Anayelileta ni nani? Aliyekosa au aliyekosewa?"

"Aliyekosa."

"Siku zote?"

Kanali alimtazama Aikaeli. Aikaeli alikuwa anatazama mikono yake.

"Siku zote, Mheshimiwa."

Meja alisimama akaomba kwamba jani lipokelewe kama kielelezo. Luteni Hilaria alipinga, akasema mama si mrufani na mrufani hajasema neno. Mwenyekiti alimuuliza Sifael kama jani limetoka kwenye kihamba chake. Sifael alisimama kwa ukakamavu, visigino pamoja, mikono ubavuni, akasema limetoka. Aliulizwa kama analikana. Mtu halikani sale la mama yake mbele za watu. Hilo halijawahi kufanyika tangu mlima uwepo, na Sifael hakuwa mtu wa kulianzisha.

"Silikani, Afande."

Jopo lilijitenga kwa muda wa chai. Liliporudi, mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti ya upole. Alisema jopo lilikuwa na mashaka makubwa juu ya hukumu ya awali, mashaka ambayo kwa kawaida yangemnufaisha mrufani. Hata hivyo mrufani, kupitia mama yake mzazi na kwa mila ya kwao isiyo na utata, amekiri kosa na kuomba msamaha. Jopo linaheshimu mila. Limelipokea jani na limemsamehe kwa moyo mmoja. Na kwa kuwa husamehewa mwenye kosa, kosa linabaki palepale, na rufaa inatupwa.

Kuhusu kivuli, jopo lilisema kimefanya kazi miaka sita bila kukosa zamu hata moja na bila likizo. Kwa kuwa aliyekiweka hajakiondoa, kiendelee. Likapendekeza kwa mkuu wa kambi kifikiriwe cheo.

Luteni Hilaria alikusanya karatasi zake taratibu. Alipofika alipokaa Aikaeli alisimama, akataka kusema jambo, akaona uso wa mama mzee, akabadili mawazo. Alisema tu, "Shikamoo, mama. Safari njema." Nje, Kanali Onesphory alikuwa amesimama kando ya gari lake. Alimwita Sifael, akamshika mkono kwa muda mrefu. Aliogopa kuulizwa kwa nini hakudanganya. Sifael hakumuuliza.

Walirudi na gari lile lile, makopo yakiwa matupu na kelele nyingi. Aikaeli alisimama walipofika kwenye mpaka wa kihamba, pale masale yalipojipanga, na mojawapo lilikuwa na kovu jipya.

"Nilijua ni la mwenye kosa," alisema. "Usidhani nilisahau."

"Sijadhani hivyo, mama."

"Kwa wakubwa, hata wakikukosea wao, anayeomba ni wewe. Ndivyo nilivyoishi. Babako alichukuliwa shamba la chini na mtu wa ofisi, tukapeleka sale sisi. Tukaachiwa hili la juu." Alivuta pumzi. "Nikasema na hawa ni vivyo hivyo."

Sifael alifungua geti akamshika mkono kwenye jiwe lenye utelezi.

Jioni alipanda kwenye jiwe la mfereji. Herieth alikuwa amekwisha kusikia, kwani habari za kambi hufika kambini kabla ya mahali pengine popote.

"Wamekichorea tepe," alisema. "Kwa chokaa, pale begani. Mkuu wa kambi mwenyewe alisimamia."

"Tepe ngapi?"

"Tatu."

Sifael hakuwahi kuvuka tepe mbili. Alihesabu taa za Moshi, kuanzia Rau, akapotea hesabu Shirimatunda, akaanza upya.

"Upo wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Nilikaa ndani yake hadi jua likazama. Ni baridi humo, Sifa. Sijawahi kukwambia. Miaka yote hii ni baridi, na nakaa."

"Rudi nyumbani, mke wangu."

Alisikia pumzi yake. Alisikia lori likipita kwenye barabara ile ya mbali.

"Nikirudi nitakuwa nimekiacha peke yake," alisema Herieth, "na wewe ndiye unayejua hilo likoje."

Salio likaisha. Hakuwa na hakika ni la nani.

Asubuhi jua lilitoka mapema na Sifael akaitandaza kahawa. Saa nne mama yake alitoka ndani akiwa amevaa kitenge cha kanisani, ingawa ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameshika jani jingine la sale, limefungwa fundo. Alisimama mbele ya mwanawe, mwanamke wa miaka sabini na minane mbele ya mtu aliyemzaa mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

"Mwanangu Sifael. Nimekukosea."

Sifael alifuta mikono yake kwenye suruali kabla ya kulipokea. Alijua hana ruhusa ya kukataa, na alijua pia kwamba hakuna mwingine atakayekuja kihambani na jani hili, si Tito, si meja, si mtu wa kambi yoyote, hata akiishi miaka mia.

"Nimekusamehe, mama."

"Sema tena."

"Nimekusamehe."

Aliliweka juu ya ukingo wa kichanja, mbali na kahawa. Aikaeli alishusha pumzi akakaa kwenye kigoda, uso wake ukielekea mashariki, na jua lilikuwa kali. Sifael aliona anakunja macho. Akasogea akasimama kati ya mama yake na jua, kumkinga, kama mtoto yeyote angefanya. Jua lilimpita likampiga mama yake usoni. Aikaeli akaweka kiganja juu ya macho, na hakumwambia asogee.